Transista Kiganjani mwa Mama Mkwe

Mwezi uliopita tulimzika mama mkwe. Watu walisimama mmoja baada ya mwingine pale uani, kwetu Mbugani, Kyela, kumsema marehemu kwa mema. Walisema alijua kulima mpunga, hakukosa ibada, na mgeni aliyepita kwake hakuondoka na njaa. Mchungaji akasema alikuwa mtu wa amani. Yote kweli. Lakini mimi nilikaa mkekani na wanawake wenzangu nikisubiri mtu aseme jambo moja ninalolijua, na hakuna aliyelisema. Mama mkwe wangu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kubonyeza kitufe cha kompyuta, ndiye aliyehamisha maktaba nzima ya vifaa vya umeme kutoka programu moja kwenda nyingine, kwa miguu yake, akizunguka uani, katika mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Nilitaka kusimama niseme. Nikaona nitahitaji kwanza kuwaeleza waombolezaji transista ni nini, na pilau ilikuwa inapoa. Basi nasema hapa.

Habari za nilikozaliwa na za jinsi nilivyokutana na Lugano, mume wangu, naziacha, hazina ajabu. Nianzie kwenye vyumba viwili. Nyumba ya ukweni ilikuwa imeipa barabara mgongo, na upande wa uani ilikuwa na vyumba viwili vilivyopakana, kila kimoja na mlango wake. Kimoja kilikuwa karakana ya baba mkwe: redio zilizofunuliwa matumbo, makopo ya maziwa yaliyojaa rezista, kompyuta ya kichogo iliyokula nusu ya meza, na harufu ya risasi ya kuchomelea, ambayo hata leo nikiisikia naona njaa, kwa sababu siku zote ilikuwa inachanganyika na harufu ya ndizi zinazochemka jikoni. Chumba cha pili kilikuwa stoo ya mpunga. Walisukuma magunia pembeni wakaniwekea meza, nikapanga juu yake kompyuta niliyotoka nayo chuoni Mbeya. Ukuta wa kati ulijengwa na fundi aliyeishiwa tofali. Ulipanda ukapita kichwa cha mtu mrefu, ukakoma hapo, na kutoka hapo mpaka kwenye mabati palikuwa wazi. Hapakuwa na kikohozi cha upande mmoja ambacho upande wa pili haukukisikia.

Kwa nini vyumba viwili, mtu wa Kyela hahitaji kuambiwa. Kwetu Wanyakyusa mkamwana humkimbia baba mkwe. Hamtazamani, hamsemeshani, hata kumwita tata, yaani baba, ni mwiko, hamkai chumba kimoja. Akitokea mbele yako njiani, unaingia migombani mpaka apite. Wenyewe tunaita ukutila, na si chuki hata kidogo, ni heshima iliyokazwa mpaka mwisho wa kamba. Jina lake hulitaji, na mimi mpaka leo silitaji, si kwa woga, ni ulimi tu umeshazoea. Siku hizi wengi wameacha, na hata wakati ule wenzangu wa chuo walinicheka sana. Ipo pia njia ya wazee kukaa, zawadi zikatoka, na wakwe wakaruhusiwa kuonana. Lakini mwaka ule misiba ilifuatana kwenye ukoo, na Shangazi Tumpe, dada mkubwa wa baba mkwe, ambaye alikuja kutoka Mwaya kila alipohisi mambo yanalegea, alisema jambo la furaha halifanywi juu ya matanga. Tukasubiri. Nilikuwa na hasira za karibu, lakini ukweni mtu anaanza kwa kuangalia anapokanyaga.

Baba mkwe alikuwa anatengeneza kontrola za sola, kile kisanduku kinachokaa kati ya paneli na betri ili betri isijazwe kupita kiasi wala isikamuliwe mpaka ife. Watu wa kandokando ya ziwa walizijua, na wafanyabiashara walizivusha mpaka Malawi. Alizichora kwenye programu ya zamani ya kuchora saketi, ile ya kioo cheusi na mistari ya kijani, na humo ndani alikuwa na maktaba yake. Si ya vitabu. Ni ghala la habari za vifaa: kila transista na kila kapasita iliyopita mikononi mwake aliipima na kuiandikia jina lake, miguu yake mingapi, mguu upi una kazi gani, alama yake ya kuchorea, na unyayo wake, yaani ramani ya matundu kwenye bodi ambamo miguu itaingia. Alama ukiikosea, mchoro unachekesha. Unyayo ukiukosea, kifaa kinaungua. Vifaa vyake vingi alivitoa kwenye redio na televisheni zilizokufa, na habari zake hazikuwa mahali pengine popote duniani ila mle. Sasa kompyuta ile ilikuwa inaamka kwa kubembelezwa. Na macho ya mwenyewe yalikuwa na presha. Hospitali walikuwa wameshamwambia kwamba kilichopotea hakirudi na kilichobaki kinapungua. Hilo ndilo lililokuwa mezani mwaka ule. Ama maktaba ihamie kwenye programu mpya wakati bado yupo mtu wa kuisoma, ama kazi ya maisha yake izimike pamoja na macho yake. Yeye hakulisema hivyo. Alimwambia mke wake, mimi nikisikia, "Mama Lugano, mwambie huyo, kama ana nafasi, anisaidie kuhamisha vile vidude."

Nilidhani ni kazi ya wiki moja. Chuoni tulikuwa tunachagua kifaa kwenye maktaba hii, tunanakili, tunabandika kwenye ile, tunakwenda kula. Lugano aliniletea mafaili ya baba yake kwenye diski, nikayafungua kwenye programu mpya, nikakuta imepokea majina na alama na imeacha nyayo zote nyuma. Vifaa vilikuja kama watu waliohama kwa haraka wakasahau viatu. Alama ilijua ina miguu mitatu, ila haikujua miguu hiyo ikanyage wapi. Nilijaribu njia zote nilizofundishwa na nyingine za kubuni, nikatukana kimoyomoyo, mwisho nikakubali kwamba nyayo zitachorwa upya, moja moja, na kwamba vipimo vyake viko kwenye kioo cha chumba cha pili, mbele ya mtu nisiyeruhusiwa kumwona.

Lugano alishinda kazini Kasumulu, ndipo mama mkwe akawa waya wa kutuunganisha. Asubuhi baada ya uji aliweka kigoda chini ya upenu, katikati ya milango miwili, na ungo wake wa mchele mapajani. Baba mkwe alisogeza kioo cha kukuzia mpaka kikagusa kompyuta, akasoma kwa sauti.

"Mama Lugano, mwambie huyo, transista ya kwanza. Miguu mitatu, mstari mmoja. Wa kwanza uko kushoto."

Nilikuwa nimesikia kila neno, na mama mkwe alijua nimesikia. Lakini neno lililoruka juu ya ukuta lilihesabiwa halijafika, lilifika likiletwa. Basi aliweka ungo chini, akajikung'uta pumba, akapita kati ya kuku, akasimama mlangoni kwangu.

"Ugonile, mwanangu," alinisalimu, kana kwamba hatukuwa tumekunywa uji pamoja. "Baba anasema transista ya kwanza ina miguu mitatu. Wa kwanza uko kushoto."

"Ndaga, mama," nilimshukuru. "Muulize umbali wa kutoka mguu hadi mguu."

Upande wa pili nilisikia rula inatafutwa mezani kabla mama mkwe hajageuka.

Ilichukua miezi. Leo vijana ninaofanya nao kazi wanapakua maktaba nzima kwenye mtandao huku wanakunywa soda, na wananishangaa ninapokagua unyayo mmoja mmoja kabla ya kuutumia. Wananiita Mama Mashaka. Sawa. Nikiwatazama wanavyonakili, naona kitu kinatoka hapa kinakwenda pale na hakuna mtu aliyekibeba, na aliyekipokea hajui kilipimwa na nani wala mpimaji alikuwa amekaa vipi. Mimi nilipata kila kipimo kikiwa na jasho la mtu. Nilijifunza kumjua baba mkwe kwa namna alivyosoma: vifaa alivyovipenda alivisoma polepole, vya bei rahisi alivipitia kama anayetoa taka. Kuna kapasita moja aliyoitoa kwenye redio ya marehemu baba yake. Akifika hapo alinyamaza, na mama mkwe hakuniletea chochote mpaka amalize kunyamaza.

Mama mkwe hakuwa waya mwaminifu, lazima niseme. Maneno makali yalimfia njiani. Siku moja baba mkwe alisema, "Mwambie huyo aache pupa, anachora kama anafukuzwa na nyuki." Mama mkwe akazunguka, akafika mlangoni kwangu na uso mtulivu: "Baba anasema kazi nzuri, ila upumzike kidogo." Mimi nami nikajibu, kwa sauti ya kutosha, "Mwambie baba sijachoka, ila anayesoma anaruka mistari." Akarudi, nikamsikia anamwambia, "Anasema ndaga kwa kumjali." Halafu baba mkwe akacheka kwa pua, na mimi nikajiziba mdomo na gauni. Tulikuwa watu wawili tunaosikiana waziwazi, na katikati yetu mwanamke aliyekuwa akitupatanisha kabla hatujagombana.

Mchana tulikula mimi na yeye jikoni, ndizi na samaki wa mbasa, au wali na dagaa wa usipa mwezi ukiwa mgumu, baada ya yeye kupeleka sahani ya mumewe karakanani. Hapo alinipa habari ambazo hazikuwa za kutumwa. Leo amekula kichwa cha samaki. Leo amemwaga chai, alidhani meza imefika mpaka pale. Pia alinieleza masomo aliyojifunza njiani. "Hizi za miguu mitatu nimezielewa," alisema siku moja akichambua miiba. "Ugomvi wenu wote ni wa miguu ya pembeni. Wa kati hauna maneno, huo mnakubaliana siku zote." Nilicheka, nikamwambia angesoma angekuwa injinia. Akasema uinjinia wa kubeba maneno unamtosha.

Shangazi Tumpe alikuja mvua za kwanza zilipoanza, na mifuko ya kakao aliyotaka kuianika kwetu kwa kuwa Mwaya uwanja ulikuwa umelowa. Alikaa uani nusu siku akitazama mama mkwe anavyokwenda na kurudi. Kisha akatazama ukuta.

"Ukuta gani huu usiofika juu?" aliuliza. "Sauti ya mkwe inamwagikia mkamwana kama maji. Tundikeni mikeka."

"Mikeka itaziba mwanga, wifi," mama mkwe alijibu bila kuacha kupepeta. "Na mwanga wenyewe yule wa ndani anauhitaji."

Shangazi hakubisha, ila aliponiaga alinishika mkono akauvuta karibu. "Mwanangu, kusikia kunasameheka. Kumwona na kumsemesha, hapana. Mimba inamwogopa mwanamke wa namna hiyo." Nilikuwa na diploma ya umeme na nilijua mimba haiogopi ukuta. Lakini nilikuwa natamani mtoto, na mwezi hadi mwezi nilikuwa nimeambulia machozi tu, na mtu wa hivyo haamini wala hakanushi. Nilimwitikia kwa heshima. Usingizi wa siku ile ulikuwa mbaya.

Kifaa cha mwisho kilipoingia, baba mkwe hakufurahi kama nilivyotegemea. Alisema maneno yamehama, kazi bado. Wakati huohuo akina mama wafinyanzi wa Ikombe walimtuma mwenzao, Mama Enelesi, aliyevuka kwa mtumbwi mpaka Matema na chungu kipya cha kutuletea. Kikundi chao kilikuwa na paneli na betri nyumbani kwa kila mmoja, na hakuna kontrola. Betri zilikuwa zinakufa moja moja. Baba mkwe alikubali kuwatengenezea, kisha akasema kwa mke wake, taratibu, ili na mimi nipate kila neno: "Hizi zichorwe kwenye maktaba mpya. Zikifanya kazi, nimehama. Zisipofanya, basi tumehamisha makaratasi, na mimi sina macho ya kuanza tena."

Nilichora. Bodi moja ya majaribio ikachongwa Dar es Salaam, ikaja na basi imefungwa kwenye gazeti. Nilichomelea vifaa kwa uangalifu kama anayemvisha mtoto nguo za ubatizo, nikaunganisha paneli iliyokuwa juani, na ile transista kubwa, yenye kazi ya kuruhusu umeme wa paneli uingie kwenye betri, ikatoa mlio mmoja mdogo na moshi. Kabla sijasema lolote, harufu ilikuwa imeshavuka ukuta.

"Mama Lugano," alisema baba mkwe, "hiyo ni ile transista kubwa. Imekufa. Muulize huyo mguu wa kwanza ameuweka wapi."

"Kushoto!" nilifoka. "Nimechora nilichoambiwa!"

Mama mkwe alikuja mpaka mlangoni kwangu. "Umesema na nani, mwanangu?"

"Na ukuta, mama."

Alinitazama. "Haya. Ukuta umesikia."

Tulirudia kukagua kwa siku kadhaa. Yeye alisema kushoto, mimi nilikuwa nimeweka kushoto. Alinituhumu kwamba sijui kusoma, nikaletewa kwamba nitazame tena. Nilimtuhumu kwamba amechanganya, akapelekewa kwamba nitatazama tena. Nikiri kwamba nilikuwa na hasira hasa, ile ya mtu anayejua yuko sahihi. Iliniisha jioni moja nikichambua majani ya maboga chini ya upenu, nilipomsikia anamwambia mke wake kwa sauti ambayo haikuwa ya kutumwa kwangu: "Labda ni mimi. Labda nasoma kisichokuwepo. Mama Lugano, nikikaza sana macho naona mistari nisiyoiamini." Mama mkwe akasema, "Unasoma vizuri." Akajibu, "Utajuaje wewe?" Akasema, "Nimekuoa miaka yote hii, nitakosa kujua?" Hapo wote wawili wakacheka, maana mwanamke haoi. Mimi sikucheka. Niliona aibu na huruma kwa pamoja.

Kesho yake asubuhi mama mkwe alikataa kazi. Alisimama katikati ya uani, mvua nyepesi ikimnyeshea kitenge, akasema kwa sauti ya kutufikia wote wawili: "Mimi nimechoka kubeba kushoto. Kila siku kushoto, kushoto, na hicho kitu chenyewe sijakiona. Baba Lugano, nipe kidude chenyewe nimpelekee akione mwenyewe." Nilisikia makopo yanapekuliwa. Nikamsikia baba mkwe: "Fungua mkono. Hivi ndivyo ninavyokitazama. Usikigeuze. Mpelekee hivihivi."

Naye hakukigeuza. Alizunguka uani kwa hatua za mtu aliyebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni, kiganja kimenyooka mbele, macho hayatoki hapo, kuku wakimpisha. Alipofika mezani kwangu alinyoosha mkono chini ya taa. Transista ilikuwa imelala chali, miguu mitatu juu, kama mende aliyekufa.

Nilitazama mpaka mama mkwe akauliza kama naumwa. Mimi, na kila aliyefundishwa darasani, na programu yangu mpya, kifaa tunakitazama kutoka juu, kimesimama kwenye bodi kwa miguu yake. Baba mkwe hakuwahi kukitazama hivyo. Bodi zake za zamani alizichora mwenyewe kwa kalamu upande wa shaba, upande wa kuchomelea, na upande huo kinachoonekana ni miguu inayochomoza. Karibu kila unyayo wa maktaba yake ulikuwa umechorwa kutoka chini. Kushoto kwake kulikuwa kulia kwangu, tangu kifaa cha kwanza. Kama ningekaa naye chumba kimoja hata dakika tano ningeona anavyokishika, na tungemaliza. Hatukuwa na dakika tano hizo. Nilianza kucheka, nikashindwa kuacha, mpaka nikakaa kwenye gunia.

"Mama Lugano," sauti ilitoka upande wa pili, "huyo anacheka nini?"

Nilimweleza mama mkwe kwa kugeuza kiganja changu chini na juu. Akaelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Akazunguka kurudi, akiwa bado hajakigeuza, na safari hiyo aliufikisha ujumbe bila kuupunguza: "Anasema wewe unalala chini ya kitanda na yeye anakaa juu, halafu mnagombania mto." Sikuwa nimesema hivyo hata kidogo. Baba mkwe akacheka, si kwa pua, kicheko chenyewe, na nikasikia anapiga meza kwa kiganja.

Nilipitia nyayo zote, moja moja, nikageuza zilizohitaji, maana kuna chache alizokuwa amezichora kwa mtindo mwingine na mashine isingejua zipi. Tatizo lilikuwa kuzihakiki. Macho yake sasa yalikuwa hayamtoshi hata kwa kioo cha kukuzia. Nikapiga chapa kila unyayo kwenye karatasi ngumu kwa ukubwa wake halisi, nikatoboa kila tundu kwa sindano, la mguu wa kwanza nikalipanua ili kidole kilijue, mama mkwe akazipeleka. Baba mkwe alishika karatasi, akatafuta matundu kwa ncha ya kidole, akachomeka kifaa chenyewe. Kikiingia, alisema, "Kimekaa," na nikasikia karatasi ikiwekwa upande. Kuna siku alisema "kimekaa" asubuhi nzima, na mama mkwe aliyekuwa juani na ungo wake akawa anaitikia kama kanisani. Bodi ya pili ikapelekwa kuchongwa.

Ilirudi siku ya mvua kubwa, zile za Kyela ambazo mchana unakuwa na giza na mabati hayaruhusu mtu kufikiri. Lugano aliishusha kwenye basi, akaniachia, akaendelea kwenda Kasumulu. Mama mkwe alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Mwaya, maji yalikuwa yameingia nyumbani kwa Shangazi Tumpe. Akina mama wa Ikombe walikuwa wakitegemewa kesho yake. Umeme ulikuwa umekatika. Nilichomelea kwa chuma cha kuchomelea nilichokipasha kwenye makaa jikoni, mlango wazi kupata mwanga, na upande wa pili nilisikia kiti chake kimesogea mpaka ukutani. Alikuwa ananifuata kwa harufu, hatua kwa hatua. Najua, kwa sababu kila nilipomaliza kifaa kimoja alivuta pumzi. Jua halikuwepo, kwa hiyo nikaweka betri nyingine mahali pa paneli. Nikaifungia taa ile bodi. Nikaunganisha waya wa mwisho huku nimefumba jicho moja, nikisubiri ule mlio mdogo.

Taa iliwaka. Nyeupe, imara, bila kupepesa. Chumba kilichokuwa giza kikajaa, magunia ya mpunga yakaonekana mpaka nyuzi zake, na mwanga ukapanda, ukavuka ukuta, ukamwagika kwenye mabati na boriti za upande wake. Nikasubiri kikohozi chake. Nikasubiri ile pua inayocheka. Hakuna. Nikadhani amesinzia.

"Mama Lugano," alisema, polepole, ingawa alfajiri ile alikuwa amemuaga mkewe yeye mwenyewe. "Muulize huyo kama imewaka."

Nilitazama juu. Mwanga ulikuwa umesimama palepale juu ya kichwa chake, kwenye mabati, mweupe kama maziwa. Nikaelewa ambacho hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe. Nje kigoda kilikuwa kitupu, mvua inarukia juu yake. Mwezi ule nilikuwa nimechelewa siku zangu na sikuwa nimemwambia hata Lugano. Mkono wangu ulikwenda tumboni wenyewe, na maneno ya Shangazi yakanijia yote, na ule mkono wake ulionivuta. Niliogopa. Ningeweza kusubiri mama mkwe arudi jioni. Upande wa pili mzee alikuwa ameacha kupumua ili asikie vizuri.

"Imewaka, tata," nilisema.

Mvua ilipiga mabati. Nilidhani ameudhika.

"Haitoi moshi?"

"Haitoi."

"Na ile transista, ina joto?"

Niliigusa. "Ya baridi, tata."

Akashusha pumzi. "Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo." Kisha akauliza, "Mwanga wake ni wa njano au mweupe?"

"Mweupe."

"Mweupe wa namna gani?"

Nikavuta kiti changu mpaka ukutani, nikaanza kumweleza.